Kisiwa Kilichohama Bila Sisi

Mume wangu alipopata kazi Dubai, alinipigia simu akaniambia kwamba kazi yao ni kutengeneza visiwa. Nilicheka sana. Sisi wawili tulizaliwa kisiwani, kisiwa cha mchanga mtupu, na hakuna aliyewahi kutuambia kwamba kisiwa ni kitu cha kutengenezwa na mtu.

"Mnatengenezaje?" nilimuuliza.

"Kuna meli inafyonza mchanga chini ya bahari, halafu inautema mahali pengine. Mimi naunga mabomba. Ukiona utalia."

Nilimfuata mwaka uliofuata, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nikapata kazi ya kusafisha vyumba katika hoteli moja ya Al Rigga. Ijumaa moja alinichukua mpaka ufukweni, tukasimama kwenye jua tukatazama mbali. Kulikuwa na meli kubwa nyekundu, na kutoka mdomoni mwake mchanga uliruka hewani, ukapinda, ukaanguka majini bila kukatika. Nyuma yake palikuwa pameshainuka mstari wa ardhi, mweupe, mkavu, na tingatinga dogo likitembea juu yake. Sikulia. Nilishikwa na tamaa. Nilifikiri: kumbe mchanga wanao wa kumwaga namna hii.

Kisiwa chetu kiko kaskazini mwa pwani ya Kenya, si mbali na mahali mto mkubwa unapoingia baharini. Ni kirefu na chembamba. Mtu akisimama katikati anasikia mawimbi ya bahari kuu upande mmoja, na upande wa pili anasikia kaa wakitatarika kwenye matope ya mikoko. Bara iko ng'ambo ya maji hayo ya ndani, na kama si kisiwa chetu mawimbi yangeipiga moja kwa moja. Hakuna mwamba hata mmoja. Mchanga uliletwa na mto, bahari ikaurudisha pwani, upepo ukaurundika ukawa vilima, na juu ya vilima ukatambaa mlakasa, ule mmea wa maua ya zambarau, mizizi yake ikaushika mchanga usiruke. Tulipokuwa watoto tulichapwa kwa kung'oa mlakasa. Mengine tulisamehewa.

Baba yangu alikuwa mchimba visima. Watu wa bara hawaamini kwamba kisiwa cha mchanga kina maji matamu, lakini kinayo. Ni maji ya mvua yaliyozama yakakaa juu ya maji ya chumvi, kama mafuta yanavyokaa juu ya mchuzi. Ukichimba kidogo unapata maji ya kunywa. Ukipitiliza, unapata bahari. Baba alikuwa akishuka kisimani na kata ya kifuu, anachimba, anaonja, anachimba, anaonja, mpaka anasema, "Basi, hapo hapo." Na hakuna aliyegusa tena.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa akinyoosha kidole kuelekea mahali mawimbi yanapovunjika, anasema, "Mimi nilizaliwa pale." Tulidhani anatutania. Baba ndiye aliyetueleza. Kisiwa kinahama. Bahari inatoa mchanga upande wa nje, na mawimbi makubwa yanaurusha mpaka upande wa ndani. Mikoko ya nyuma inafukiwa, mingine inaota mbele yake. Kisiwa kizima kinajivuta kuelekea bara, polepole, kama mtu aliyelala anayejisogeza kitandani. Kijiji nacho kilikuwa kikisogea. Nyumba zetu zilikuwa za miti na makuti. Bahari ikikaribia, watu wanafungua kamba, wanakunja makuti, wanabeba miti mabegani, na baada ya siku chache wanapika chakula mahali papya. Hata msikiti ulihama. Makaburi tu ndiyo yaliyoachwa, na bahari ilipoyafikia watu walisoma dua na kugeuka.

Mimi na mume wangu tulikwenda Ghuba ili tujenge nyumba ya mawe. Sikumbuki kama tuliwahi kuwa na sababu nyingine. Siku alipokuja kumwambia Baba, nilikuwa jikoni nikiwasikia.

"Nyumba ya mawe ni nzuri," Baba alisema. "Ukifika wakati wa kuhama utaibebaje?"

"Baba, mimi nimechoka kuhama. Baba yangu alihama, babu yangu alihama, na mpaka leo tunalala chini ya makuti yanayovuja."

"Sikukatazi. Nakuuliza tu."

"Nitajenga katikati kabisa. Mbali na nje, mbali na ndani."

Nilipopeleka chai nilimkuta Baba anatazama mikono yake. Kisha alimwambia mume wangu kwamba kama ni katikati, basi atamtafutia mahali penye maji mazuri, na kisima atakichimba mwenyewe.

Jambo jingine tuliamua sisi wawili peke yetu. Tulikubaliana tusizae mpaka nyumba iishe. Nilikuwa bado sijafika thelathini. Tuliliona jambo la busara, na watu wa umri wetu walitusifu.

Dubai, mume na mke wa hali yetu hawakuwa na mahali pa kukaa pamoja. Yeye aliishi kambi ya wafanyakazi, wanaume wanane chumba kimoja, nami nilikodi kitanda katika chumba cha wanawake, nyuma ya hoteli. Aliyetuokoa ni bibi mmoja wa Unguja aliyekaa Bur Dubai tangu baada ya Mapinduzi. Mama yake na bibi yangu mzaa mama walikuwa na undugu ambao mimi sikuwahi kuuelewa sawasawa, lakini yeye aliuelewa, na kwake hiyo ilitosha. Kila Ijumaa mchana nilivuka hori kwa abra, zile mashua za kuvushia watu, mume wangu akaja kwa basi kutoka kambini, tukakutana kwenye sebule ya Bibi. Alitupa kahawa na visheti, akazungumza nasi kidogo, kisha akajinyoosha.

"Miye nakwenda kulaza mbavu," alisema. "Msiniamshe mpaka alasiri."

Hakuwa na usingizi. Tulimsikia chumbani akikohoa na kuvuta tasbihi. Alikuwa anatuachia sebule yake, na sisi tulikaa pale kwenye zulia kama maharusi, mlango umerudishwa. Mume wangu alikuwa na mchanga masikioni hata baada ya kuoga. Niliutoa kwa ncha ya kitambaa, naye akanisimulia habari za nyumba.

Bibi alikuwa na habari zake pia. Alituambia kwamba pale Shindagha, mdomoni mwa hori, zamani palikuwa ulimi wa mchanga tu, na watu walikaa kwenye barasti, nyumba za makuti ya mtende. Mchanga ulikuwa ukitembea na pwani, ukijaza mdomo wa hori, vyombo vinakwama. Yeye alipofika alikuta wameshauchimba na kuweka kuta. "Barasti niliziwahi," alisema. "Hebu nambieni leo iko wapi hata moja. Watu walikuwa wakiziacha hivi hivi, wanakwenda zao barani wakati wa joto, wakirudi wanatengeneza." Mume wangu alimsikiliza kwa adabu. Najua hakupenda mazungumzo ya nyumba za makuti.

Kisiwani kwetu simu ilishika mahali pamoja tu, juu ya kilima kirefu cha mchanga upande wa nje. Kwa hiyo Baba alipanda kilima kila Ijumaa baada ya sala, akanibipu, nami nikampigia. Nilimsikia pamoja na upepo. Ndivyo nyumba yetu ilivyojengwa, kwa sauti ya Baba ikikatikakatika. Msingi umekwisha. Kuta zimefika dirishani. Mabati yamevuka leo, mawili yamepinda. Kisima kimetoa maji, matamu sana, mwanangu, matamu kuliko yote niliyowahi kuchimba. Binamu mmoja alipopita Dubai alituletea picha. Nyumba ilikuwa nyeupe, ina vyumba vitatu na baraza, na mbele yake Baba amesimama na kanzu, mkono mmoja umegusa ukuta kama anayemshika ng'ombe wa mtu.

Mume wangu aliitazama picha ile mpaka Bibi akatoka kulala.

"Mashallah," Bibi alisema. "Mtaingia lini?"

"Bado madirisha na sakafu," mume wangu alisema. "Mwaka mmoja zaidi, inshallah."

Mwaka ule ule, wakati wa kusi, bamvua kubwa, maji makuu ya mwezi mpevu, iliangukia siku za upepo mkali. Baba alinibipu katikati ya wiki, mchana, nikiwa kazini. Haikuwa siku yake. Nilijifungia bafuni mwa mgeni nikampigia.

"Bahari imekata," alisema.

"Imekata wapi?"

"Kusini, pale pembamba. Juzi ilikuwa njia ya punda. Leo pana maji ya shingo, na yanakwenda mbio, yanaingia mpaka ndani kwenye mikoko."

"Na nyumba?"

"Nyumba iko mbali na hapo. Lakini visima vya kusini vyote vimekuwa chumvi. Nimeonja kimoja kimoja."

Alinieleza kama anayetoa taarifa ya watu wengine. Mto siku hizi, alisema, unaleta maji bila mchanga. Bahari inachukua kama kawaida yake lakini hakuna kinachorudishwa. Kisiwa kimeanza kwenda haraka kuliko alivyowahi kukiona, na mahali kisipoweza kwenda kinachanika.

Nilimwambia mume wangu Ijumaa. Kazini kwao, alisema, kisiwa kikipungua upande mmoja, meli inakuja wiki hiyo hiyo na kukijaza. Upande wa nje wameweka ukuta wa mawe makubwa yaliyoletwa kutoka milimani, malori usiku na mchana. Wiki iliyofuata alijipa moyo akamuuliza mhandisi mmoja, mzee wa Kizungu aliyekuwa akisalimiana na mafundi kwa mikono miwili.

"Alinisikiliza vizuri," mume wangu alinisimulia. "Alichuchumaa, akachora kwa kijiti. Akasema visiwa vya namna ile kuhama ndiyo uhai wao. Akasema hata hiki cha hapa, tukiacha kukijaza, nacho kitaanza kwenda zake."

"Na chetu kinaweza kujazwa?"

"Aliniuliza wanaishi watu wangapi. Nikamwambia."

"Akasemaje?"

"Akasema, 'Pole sana, rafiki yangu.'"

Bibi alikuwa amesikia. Alitoka chumbani kabla ya wakati wake, akatumiminia kahawa nyingine ingawa vikombe vilikuwa bado vimejaa.

Kusi iliyofuata bahari ilikata tena, na safari hii wazee walikaa wakaamua. Kijiji kitahamia bara, ng'ambo ya mikoko. Kisiwani pamebaki pembamba mno, hapatoshi tena kusogea. Wenye nyumba za makuti walifungua kamba kama walivyofungua baba zao, wakavusha miti na makuti kwa mashua. Nyumba za mawe zilikuwa chache, zote za watu walioko Ghuba au Mombasa. Zilibaki zimesimama peke yake, hazina majirani. Yetu ilikuwa mpya kuliko zote. Madirisha yalikuwa yametiwa mwezi uliopita.

Nilitegemea Baba atavuka na wenzake. Badala yake alichukua mkeka na kata yake ya kifuu, akahamia katika nyumba yetu. Nilipata habari hizo kwa jirani, kwa sababu kilima cha simu kilikuwa kimeshakatwa nusu kama mkate na Baba hakuweza kupanda tena. Ili kupiga simu ilimbidi asubiri mashua imvushe bara, na mashua sasa zilikuja mara moja moja, kuleta maji ya kunywa.

"Mwambieni ahame," nilimsihi jirani.

"Tumemwambia. Anasema nyumba ya mwanawe hawezi kuiacha peke yake, watu watang'oa milango."

Mume wangu alipeleka habari wapangwe watu, wajaze magunia ya mchanga, wayapange upande wa nje wa nyumba. Walipanga. Wakaongeza vigogo vya minazi iliyoanguka. Baba alikuwa akiyazunguka magunia yale kila siku, anarudisha yaliyoteleza, mtu wa umri ule. Jirani aliniambia kwamba walimwona hata akipanda mlakasa mbele ya magunia, anaumwagilia maji ya kisima chetu, ambayo sasa hayakunyweka.

Kisha akaugua. Tumbo kwanza, halafu homa, halafu miguu ikavimba. Jirani alivuka na simu yake siku bahari ilipotulia, akamkuta barazani, na ajabu ni kwamba simu ilishika pale, dhaifu sana. Nilikuwa kwenye ngazi za nyuma za hoteli, mahali tunapoweka mashuka machafu.

"Baba, hama," nilimwambia.

"Nihamie wapi?"

"Bara, kwa wenzako. Kuna zahanati. Kuna maji."

"Na nyumba yenu?"

"Iache, Baba. Iache ianguke."

Nilisikia mawimbi. Yalikuwa karibu mno, nikajua hayapo tena mahali yalipokuwa.

"Mumeo aliniambia amechoka kuhama," alisema. "Nilimwona mjinga. Sasa na mimi nimechoka, mwanangu. Sina nguvu ya kuanza kuonja maji ya mahali pengine."

Nilikwenda kwa msimamizi wetu wa vyumba kuomba ruhusa. Alikuwa mwanamke wa Kifilipino, mpole, ambaye naye alikuwa hajaona watoto wake miaka mingi. Nilimwambia, "Madam, baba yangu anaumwa sana." Alinishika bega. Alisema hoteli imejaa, ni msimu, ameshakataa watu wengine wiki hiyo, na akiniruhusu mimi ataambiwa nini. Baada ya msimu, alisema. Pasipoti yangu ilikuwa ofisini kwa tajiri mwenye hoteli, ndani ya kabati la chuma, na hakuna mtu aliyekuwa akilifungua kabati lile bila saini yake. Nilirudi kazini. Sikumchukia madam. Nilijaribu, lakini sikuweza hata hilo.

Baba alifariki katika chumba ambacho tulikuwa tumepanga kiwe chetu. Simu ilitikisika mfukoni mwa aproni nikiwa natandika kitanda. Nilipokea, nikasikiliza, nikasema inna lillahi, nikashukuru. Mgeni alikuwa amesimama mlangoni na mizigo yake anasubiri chumba. Nilimaliza kutandika, nikakunja ncha za shuka kama tulivyofundishwa, nikafuta kioo, nikatoka. "Thank you," mgeni alisema. Nilisema, "Welcome, sir."

Hawakuweza kumzika kisiwani. Makaburi ya mwisho tuliyokuwa nayo yalikuwa yanamomonyoka, na hakuna aliyetaka kumlaza mtu mahali atakapofukuliwa na maji kabla ya arobaini. Walimvusha bara wakamzika kwenye udongo mweusi, ule unaonata kwenye jembe. Aliyechimba kaburi alisema maji yalijaa chini wakati wanachimba, ikabidi wayachote kwanza. Nilitamani asingeniambia. Baba alijua mchanga maisha yake yote.

Bibi alisoma hitima sebuleni kwake, wanawake wanne wa Kiunguja na mimi. Mume wangu alikaa nje kwenye ngazi. Alipoitwa kula hakula. Tangu siku ile alikoma kunisimulia habari za nyumba, na kwa kuwa hatukuwa na habari nyingine, Ijumaa zetu zikawa ndefu. Bibi akienda kulaza mbavu, na sisi tulilala, kila mtu upande wake wa zulia.

Haukupita muda mrefu, meli zikazimwa. Ulikuwa mwaka ule ambao kila mtu Dubai alikuwa akizungumza juu ya benki, na majengo yalisimama nusu, winchi zimenyooka juu bila kugeuka. Wenye visiwa waliishiwa. Mume wangu na wenzake waliitwa uwanjani kambini, msimamizi akapanda juu ya kreti akasema, "Khalas, kazi hakuna," na wiki hiyo wakapewa tiketi. Yeye alikuwa ameunga mabomba miaka saba. Aliniambia kwamba siku ya mwisho alipelekwa kisiwani kukusanya vifaa, akaona ukingo ambao haukuwa umefika kuwekewa mawe. Bahari ilikuwa imeshaanza kuula.

"Nilisimama nikatazama," alisema. "Sikusikia kitu. Nilidhani nitafurahi."

Alipofika nyumbani hakwenda kwa ndugu zake. Alivuka moja kwa moja. Alinipigia kutoka bara jioni ile, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, jambo lililonitisha.

"Ukuta wa nje umelala," alisema. "Sebule imejaa mchanga mpaka dirishani. Chumba cha ndani bado kina mabati. Mkeka wa Baba uko pale pale."

"Kisima?"

"Sikukiona. Nadhani kiko chini ya baraza, au baraza limeanguka juu yake."

"Rudi bara. Kaa na watu."

"Nitatoa mchanga kwanza."

Alikaa peke yake kwenye nyumba ile mpaka kusi ilipoanza, anatoa mchanga kwa koleo. Asubuhi anatoa, mchana maji yanajaa, jioni mchanga umerudi. Watu walivuka kumsihi. Aliwajibu kwa heshima, akawakaribisha chai, kisha akaendelea. Walianza kusema amechanganyikiwa. Mimi nilijua hajachanganyikiwa. Miaka saba alikuwa ameona mchanga ukiwekwa mahali na kukaa, na hakuweza kuamini kwamba wake hautakaa. Bamvua ya kwanza ya kusi ilimtoa. Walimkuta kwenye mikoko, amekumbatia mti, mzima wa mwili.

Ruhusa yangu ilitoka mwisho wa mwaka huo. Mume wangu alinipokea kituoni. Alikuwa amekonda, amefuga ndevu, na alinisalimia kama shemeji. Kesho yake tuliazima mashua tukavuka.

Nilikuwa nimejiandaa kuona kisiwa kilichokufa. Sikukiona. Niliona visiwa viwili, na kati yao mlango mpana wa maji ya kijani, samaki wakiruka. Kile cha kaskazini kilikuwa kimejivuta ndani sana, kimepanda juu ya mikoko ya zamani, na vichwa vya mikoko iliyokauka vilitokeza mchangani. Mbele yake, kwenye matope ya ndani, miche ya mikoko ilikuwa imeota kwa mamia, kila mmoja na majani yake mawili. Ndege weupe walikuwa wametaga juu ya mchanga wazi, wakatupigia kelele tulipopita. Mlakasa ulikuwa umeanza kutambaa upya. Kisiwa kilikuwa hakijambo. Kilikuwa kinafanya kazi yake kama kilivyoifanya kwa bibi yangu na kwa mama yake. Waliopotea ni sisi, na mahali pale hapakuonekana kupungukiwa na kitu kwa kutokuwapo kwetu.

Tulishuka. Upande wa nje maji yalikuwa yamekupwa, mchanga umelowa, tambarare, hauna hata kokoto.

"Ilikuwa hapa," mume wangu alisema. Alisimama majini, maji ya magoti.

Nilitazama bara, nikatafuta ule mvumo mkubwa, mti mrefu kama mnazi, ambao Baba alisema unaonekana mtu akikaa barazani. "Hapa sipo," nilisema. "Ilikuwa kule, kaskazini zaidi."

"Nimeishi ndani yake mimi. Wewe umeiona kwenye picha."

"Baba alinieleza. Mvumo ulikuwa mbele ya mlango."

"Mvumo gani? Mvumo ule umeanguka. Huo unaouona ni mwingine."

"Basi ungeweka alama!"

"Alama niiweke wapi?" alipiga kelele, na ndege wakaruka wote. "Niambie. Niiweke wapi?"

Tulitafuta. Nilitembea upande wangu na yeye upande wake, tunapapasa kwa miguu chini ya maji, tukitafuta hata kipande cha tofali. Sikupata. Naye hakupata, au alipata hakuniambia. Maji yalipoanza kujaa, mwenye mashua alituita, tukarudi bara bila kukubaliana.

Kwenye mashua nilimuuliza, kwa sababu sikuwa na la kusema na nilitaka kusema kitu, kama bado anataka watoto. Alinitazama kwa mshangao, kama nimemuuliza habari za mtu aliyemsahau.

"Tutawaweka wapi?" alisema.

Nilirudi Dubai likizo ilipokwisha. Bibi ameshahamia Sharjah kwa mwanawe, nyumba yake ya Bur Dubai ina wapangaji wengine, na mimi Ijumaa sivuki tena hori. Nafua nguo zangu. Mume wangu yuko bara, anachoma chokaa kwa mtu. Ananipigia, ananiuliza kama nimekula. Namwambia nimekula. Namuuliza na yeye, anasema amekula. Hayo yakiisha tunakaa kimya, yeye huko na mimi huku, mpaka salio linakatika.